Yaliyokupata Siyo Madhara

Mke wangu ananiita Bwana Vifungu, na sidhani kama anakusudia kunisifu. Tatizo langu ni moja tu: nikipewa karatasi ya kusaini, naisoma. Naisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo aliyeyaandika aliomba Mungu macho yangu yasiyafikie. Foleni ikirefuka nyuma yangu watu wanaguna, na binti wa dirishani ananitazama kwa huruma. "Baba, wewe saini tu, wenzako wote wanasaini." Wenzangu wote ndio hao hao wanaonipigia simu usiku kuniuliza neno "isipokuwa" linamhusu nani.

Kwa hiyo mtu asinijie na ushauri kwamba ningesoma kwanza. Nimesoma. Nisingesoma ningekuwa nalala vizuri.

Na katika kusoma huko nimeona jambo. Kila mkataba una mahali fulani, aghalabu katikati, pale msomaji anapoanza kupiga miayo, ambapo wanaeleza madhara ni nini. Ukifika hapo vaa miwani. Hapo ndipo mambo yanapoamuliwa kabla hayajatokea: lipi likikupata litahesabika kuwa limekupata, na lipi likikupata utaambiwa halikutokea, au limetokea lakini jina lake ni jingine. Likinipata mimi ni uchakavu, ni hali ya hewa, ni mapenzi ya Mungu, ni uzembe wangu mwenyewe. Likiwapata wao, hata kama ni mimi kuchelewa kulipa kwa siku moja, basi ni madhara, tena yenye riba.

Chukua risiti ya dobi. Sisemi yule dobi wa mtaani mwenye pasi ya mkaa. Yule hana risiti, na akiunguza shati anakuomba radhi mpaka wewe ndiye unayeanza kumbembeleza. Nasema hawa wa kisasa, wenye mashine zinazozunguka nyuma ya kioo na kijana wa mapokezi aliyefunga tai. Nyuma ya risiti yao kumeandikwa kwamba hawatahusika na kuchuja rangi, kusinyaa, kufumuka mishono, kuruka vifungo, kuharibika zipu, madoa yasiyotoka, wala vitu vilivyosahaulika mifukoni. Nikamuuliza yule kijana: sasa ninyi mnahusika na nini? Akafikiri kwa unyofu kabisa. "Kupotea, mzee. Ikipotea tunahusika." Nikamwonyesha mstari wa mwisho: nguo ikipotea, fidia haitazidi mara tano ya gharama ya kuifua. Kanzu yangu imenigharimu laki moja na nusu, wanaifua kwa elfu tano. Fanya hesabu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwao nguo haijawahi kupotea. Basi kama haijawahi, huo mstari umeandikwa na nani, na usiku ule alikuwa anaota nini?

Lakini ya dobi ni madogo. Njoo kwenye bima.

Gari langu nimelikatia bima kubwa. Wenye magari mnajua tofauti. Bima ndogo inamlinda mtu wa tatu, ambaye ni binadamu yeyote duniani isipokuwa wewe. Sheria, Sura ya 169, inakulazimisha uwe nayo ili ukimgonga mtu apate wa kumlipa. Bima kubwa inakukumbuka na wewe mwenye gari, kwa bei inayokufanya utembee kifua mbele mwezi wote wa kwanza. Sasa masika haya yaliyopita mvua ikatukalia Dar es Salaam. Gari lilikuwa limelala mtaani kwetu. Si bondeni Jangwani, ambako hata karakana ya mabasi ya mwendokasi imewahi kuzama. Nasema mtaani kwetu, mahali ambapo wazee wetu walikwenda kujenga wakikimbia maji. Maji yakatufuata. Yakaingia garini hadi kwenye viti, yakakaa usiku kucha, alfajiri yakaondoka. Nikawasha gari. Likawaka, likakohoa, likanoki.

Kampuni ikamtuma mkadiria hasara. Kijana mpole, shati limenyooshwa, ana tochi na kishikwambi. Akachungulia chini, akachungulia juu, akapiga picha hata ndala zangu. Halafu akanieleza, kwa adabu zote, kwamba gari langu lina hasara mbili.

"Mzee, maji kuingia ndani, zulia, viti, hiyo ni hasara ya kwanza. Hiyo imo."

"Na injini?"

"Injini haikuharibiwa na maji, mzee. Imeharibiwa na kuwashwa."

"Ikiwa na maji ndani."

"Ikiwa na maji, ndiyo. Ila maji peke yake yasingeinoki."

Nikamweleza kwamba mimi gari hili naliwasha kila asubuhi miaka nenda rudi, na injini haijawahi kufa kwa kuwashwa. Kama asubuhi ile kuna mgeni aliyeingia humo na injini ikafa, mgeni huyo si mimi. "Nakuelewa sana, mzee," akasema. Vijana wa bima wamefundishwa kuelewa. Sijawahi kueleweka na watu wengi namna ile kwa faida ndogo namna ile. "Lakini mkataba unasema hasara inayofuatia haimo."

Nikarudi ndani, nikatoa mkataba, nikasoma. Kweli imo. Yaani kweli haimo. Kumbe hasara nazo zina ukoo. Kuna hasara mama, ambaye kampuni inamtambua na kumsalimia. Kuna hasara mtoto, aliyezaliwa na mama huyo mchana kweupe, lakini wanataka kwanza kuona cheti cha kuzaliwa. Na kuna hasara mjukuu: nauli za bajaji muda wote gari liko gereji, kazi ya Bagamoyo iliyonipita kwa kukosa usafiri, mteja aliyechoka kunisubiri akamtafuta mwingine. Huyo mjukuu hana chake. Akifika siku ya kugawa mirathi anaulizwa yeye ni nani, na nani alimwita.

Hata hasara mama mwenyewe hakupita kirahisi. Simu ikaja kutoka ofisini, dada mwenye sauti ya redio. Mkataba, akasema, unahusu hasara ya ghafla na isiyotarajiwa. Nikamwambia dada, mimi nilikuwa nimelala, maji yakapanda usiku. Ghafla gani tena mnayoitaka? Akasema hilo la ghafla hawana shida nalo. Shida ni lile neno la pili. "Kwa sababu, baba, Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatoa tahadhari ya mvua kubwa."

Yaani ilitarajiwa. Mimi sikuitarajia, nilikuwa natazama mpira, lakini taifa liliitarajia kwa niaba yangu. Zamani tulikuwa tunawacheka watu wa utabiri; wakisema mvua, tunaanika nguo. Siku hizi wana rada, wana mitambo, wakisema kesho mafuriko, kesho mafuriko. Hongera zao. Ila kila wanapopatia, mahali fulani kuna ofisa wa bima anakata picha ya tangazo lao na kuihifadhi kwenye faili lako.

Zulia wamelipa, baada ya kutoa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe. Kilichobaki kilitosha kununua zulia dogo zaidi. Suala la injini nimelipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kwa kuwa liko huko sitalizungumza, isipokuwa kusema kwamba maji ni maji.

Ukoo huu wa hasara, kwa faida ya vijana, haukuzaliwa kwenye maghorofa ya Posta. Asili yake ni Gloucester, Uingereza, kwenye kinu cha kusaga nafaka. Mwaka 1853 mhimili wa injini ya mvuke ya kinu hicho ulivunjika. Wenye kinu, Hadley na mwenzake, wakaukabidhi kwa wasafirishaji wa Pickford upelekwe Greenwich, mafundi wa huko wautumie kama kielelezo watengeneze mpya. Wasafirishaji wakauchelewesha siku kadhaa. Kinu kikalala, wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Mwaka 1854 mahakama ikatoa kauli ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaikariri hadi leo: mkataba ukivunjwa, unalipwa madhara yanayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au yale ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo akilini zilipokuwa zinakubaliana. Kinu kulala hakukuhesabika. Wenye vinu wengine huwa na mhimili wa akiba. Msafirishaji angejuaje kwamba hawa hawana?

Mawazo hayo yakapanda meli hadi India, yakaandikwa kwenye Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, na kutoka India Waingereza wakatuletea Tanganyika. Leo yamo kwenye sheria yetu wenyewe ya mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, pamoja na kijifungu kinachosema bila haya kwamba hasara ya mbali, isiyotokana moja kwa moja na kosa, hailipwi. Kinu kimoja kililala Gloucester enzi za babu wa babu yangu, na kwa sababu hiyo mimi kazi yangu ya Bagamoyo imekwenda hivi hivi.

Nilipoielewa sheria hiyo nikasema basi, na mimi nitaitumia. Fundi wangu wa cherehani nilimpelekea kitambaa cha suti, nikamweleza mbele ya vijana wake ili wawe mashahidi: fundi, suti hii ni ya sendofu ya binti wa kaka yangu, ni Jumamosi, mimi ndiye msemaji wa upande wa baba, nisipoivaa nitaaibika mbele ya wakwe, na aibu hiyo tunaiweka akilini wote wawili leo hii tunapokubaliana. Fundi akatoa pini mdomoni. "Baba, mbona unanitisha? Jumamosi uje." Jumamosi nikaenda. Koti lilikuwa na mkono mmoja. Nikamkumbusha yale tuliyoyaweka akilini. Akaniambia umeme ulikatika. Hapo kesi ikafa, maana hapa kwetu umeme ukikatika hata Hadley angefunga kinu akaenda kulala. Na fundi humpeleki mahakamani. Bado ana kitambaa chako kingine.

Sitaki nionekane mtu wa kulaumu tu. Kuna mahali madhara yameelezwa kwa moyo mkunjufu, nako ni kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Humo madhara ni maumivu yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu, ya kudumu au ya kupita. Yoyote! Ukipigwa kibao kilabuni unakwenda polisi, unachukua PF3, daktari anaijaza, mambo yanaanza. Na jeraha je? Jeraha ni mkato au tundu linalopasua utando wowote wa nje wa mwili. Na utando unahesabika ni wa nje ikiwa unaweza kuguswa bila kupasua utando mwingine. Nikarudia kusoma hapo, nikasimama mbele ya kioo, nikatia kidole mdomoni. Mke wangu akapita. "Umeanza," akasema. Nikajaribu kumweleza, kidole kikiwa ndani, kwamba kwa mujibu wa sheria sehemu ile ya ndani ya shavu ni nje. Akaenda kulala kwa watoto.

Lakini angalia ukarimu huo unatoka wapi. Sheria ile iliandikwa na mtu ambaye hatalipa. Anayepiga ndiye atakayefungwa, mwandishi wa sheria hapungukiwi kitu, kwa hiyo anaweza kuruhusu hata shavu. Anza kumfanya mwandishi ndiye mlipaji uone tando zinavyopungua. Ndugu zetu wa Kenya, kwenye sheria yao ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, wana jedwali zima la viungo na asilimia zake: ukipoteza macho yote mawili ni 100, halafu unashuka kiungo kwa kiungo hadi vidole. Nimelipitia lote nikitafuta kichwa kinachouma kwa sababu ya bosi. Hakimo.

Au panda ndege. Safari ya kimataifa inaongozwa na mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, uliorithi ule wa Warsaw wa mwaka 1929, na Tanzania tumo. Shirika la ndege linawajibika abiria akifa au akipata jeraha la mwili lililosababishwa na ajali. Yanasikika maneno manyoofu. Jeraha, mwili, ajali. Hata mtoto wa darasa la tatu anayajua. Sasa sikiliza.

Mwaka 1983 ndege ya Eastern Airlines iliruka kutoka Miami kwenda Bahamas. Injini moja ikaleta shida, rubani akageuza kurudi. Njiani zile mbili zilizobaki nazo zikazima. Ndege ikawa inashuka bila injini hata moja, na abiria wakatangaziwa kwamba itatua juu ya bahari ya Atlantiki. Jaribu kujiweka kwenye kiti hicho. Baadaye rubani akafanikiwa kuwasha injini moja, wakarudi Miami salama. Abiria wakashtaki kwa yale waliyoyapitia rohoni. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikajibu kwamba chini ya mkataba ule wa Warsaw hofu peke yake, bila mwili kuguswa, si jeraha la mwili. Hakuna mkwaruzo, hakuna madai. Kama kuna abiria aliyegonga kiwiko wakati anaagana na dunia, huyo angalau alikuwa na pa kuanzia.

Yuko pia mama mmoja aliyepanda Air France mwaka 1980 kutoka Paris kwenda Los Angeles. Ndege ikishuka akasikia maumivu sikioni, na sikio moja likafa kabisa. Huyu jeraha analo, hakuna wa kubisha. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1985, ikasema: jeraha sawa, lakini ajali iko wapi? Ajali ni tukio lisilo la kawaida linalomjia abiria kutoka nje yake, na ndege ile ilishuka kama ndege zote zinavyoshuka, mitambo ya hewa ikifanya kazi yake. Kwa hiyo wale wa kwanza walikuwa na ajali bila jeraha, na huyu akawa na jeraha bila ajali. Ungewachanganya ungepata mdai mmoja mzima.

Aliyefaulu ni mtoto wa miaka sita. Mwaka 2015, kwenye ndege iliyokuwa inatoka Mallorca kwenda Vienna, kahawa ya moto ya baba yake iliteleza ikamuunguza. Shirika likajitetea kwamba kahawa kumwagika si jambo la urubani. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hiyo ni ajali, haihitaji kuwa na uhusiano na hatari za kuruka angani. Basi mimi nikipanda ndege siku hizi siogopi injini. Namtazama mhudumu wa vinywaji.

Mikopo ya simu, ile tunayoiita kausha damu, niipitie haraka kwa sababu presha yangu haitaki. Shemeji yangu alikopa kwenye programu mojawapo. Humo madhara yameelezwa upande mmoja tu: kuchelewa kulipa kunaitwa ukiukaji, na kila siku ya ukiukaji ina adhabu yake. Akachelewa. Wakawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake: mimi, mwajiri wake, mwalimu wa kwaya, na mama mkwe wake, ambaye ni mama mkwe wangu pia, ambaye tangu siku hiyo anatuhesabu wote wawili kundi moja. Hilo kwenye mkataba haliitwi madhara. Linaitwa kuwasiliana na watu wa karibu wa mteja, tena kwa ridhaa yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ya programu zisizo na leseni. Vizuri sana. Hata kifungu cha 74 cha ile Sura ya 345 kinasema kiasi cha adhabu mlichokitaja kwenye mkataba ni kikomo tu, anayedai atapata fidia ya haki isiyozidi hapo. Lakini nenda wewe ukamsomee mama mkwe kifungu cha 74.

Halafu kuna Mungu. Sijui kama mmeona, lakini Mungu yumo kwenye mikataba mingi kuliko wakili yeyote wa Dar es Salaam. Hakuitwa, hakusaini, hana shahidi, ila likitokea lolote kubwa ni kudra zake. Mafuriko ni yake, radi ni yake, upepo ulioezua paa ni wake, hata kama paa lenyewe lilipigiliwa misumari kwa hesabu ya ubahili. Faida haandikiwi hata mstari mmoja.

Na kwenye kumsingizia Mungu hivyo ndipo alipo mama mwenye nyumba wangu. Namheshimu, ni mama mtu mzima, namwamkia kila asubuhi na ananiitikia vizuri. Mkataba wake wa pango ni ukurasa mmoja, umechapwa stationeri ya pale stendi, na unasema mpangaji atalipia madhara yote atakayoyasababisha, "yakiwemo misumari ukutani, kuchafua rangi, na madhara mengine ambayo mwenye nyumba ataona ni madhara." Nimesoma mikataba ya mashirika makubwa yenye mawakili wa kila rangi, na hakuna aliyethubutu kuandika kwa uwazi kiasi hicho. Wengine wanatumia kurasa kumi na mbili kusema jambo hilo hilo.

Kwa maelezo hayo, msumari wangu wa kutundikia picha ya harusi ni madhara. Paa kuvuja juu ya kochi langu si madhara.

"Shikamoo mama. Paa linavuja tena."

"Marahaba mwanangu. Si mvua hiyo?"

"Mvua inanyesha na kwa jirani, mama. Kwake haiingii."

"Jirani si amejenga ya kwake?"

Muda wa kuongeza mkataba ulipofika, nikamwomba safari hii rasimu niandike mimi, kumpunguzia kazi ya stendi. Akakubali. Nikakaa nayo usiku, mke wangu akinipitia na kuguna. Nikaandika: "Madhara kwa mpangaji ni pamoja na paa kuvuja, maji ya bomba kufungwa bila taarifa ili mwenye nyumba amwagilie mchicha, jogoo wa mwenye nyumba kuwika saa tisa usiku chini ya dirisha la mpangaji, na ukuta wa choo kulia unyevu kwa sababu zisizotokana na mpangaji." Sikuweka "na mengineyo". Mimi si mtu wa kujipendelea.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akamwita mjukuu wake, kijana anayesoma sheria pale Mlimani, akamwambia amsomee kwa sauti. Kijana akasoma, akafika katikati, akanitazama kwa heshima mpya. "Bibi, huyu baba anajua. Hapa amekubana."

Mama akanyamaza kidogo, akichambua mchicha wake.

"Sawa," akasema. "Haki yake. Paa weka. Maji weka. Jogoo muweke. Na huo ukuta weka. Halafu hapo kwenye kodi ongeza elfu hamsini kila mwezi."

"Elfu hamsini ya nini, mama?"

"Ya hayo madhara yako, mwanangu. Sasa hivi si yangu?"

Nikageuka kwa yule kijana wa Mlimani anisaidie, msomi kwa msomi. Akaniambia, kwa adabu, kwamba kwa kweli bibi hapo amesema sheria.

Basi tukakaa barazani tukaanza kupunguza. Jogoo nikamfuta, ikashuka elfu kumi. Ukuta wa choo, elfu tano. Maji yalitusumbua, tukayavuta huku na huko hadi adhana ya magharibi, mwishowe nikayaachia kwa elfu kumi na tano. Paa nimebaki nalo. Nalilipia elfu ishirini kwa mwezi, miezi sita mbele, na mjumbe ameshagonga muhuri: likivuja, litahesabika kuwa limevuja. La kuliziba halikuandikwa. Nilipoliuliza, mama alisema hilo ni bei nyingine.